Kunukuu Tafiti za Maoni ya Umma: Mwongozo kwa Waandishi na Watafiti

Utafiti wa maoni ya umma ni zoezi la kuwauliza watu wachache, waliochaguliwa kwa utaratibu unaojulikana, maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, ili majibu yao yatumike kukadiria maoni ya jamii nzima ambayo haiwezi kuulizwa mtu kwa mtu. Asilimia inayotokana na zoezi hilo ni makadirio, na makadirio hayo yana maana pale tu msomaji anapoweza kujua nani aliulizwa, aliulizwa nini, lini, na kwa njia gani. Mwandishi anayenukuu asilimia hiyo bila kumwachia msomaji njia ya kurudi hadi kwenye swali lenyewe huwa ametoa tamko lake mwenyewe na kulivika tarakimu. Mwongozo huu unaeleza jinsi data za aina hiyo zinavyopatikana, zinavyosomwa na zinavyotajwa, na mifano yake mingi imetoka Tanzania na Kenya, ambako tafiti hizi zimefanyika kwa miaka mingi na ambako sheria nazo zimeingilia kati.

Mahali pa kuzipata

Chanzo kinachofaa kuanzia ni Afrobarometer, mtandao wa tafiti ulioanza mwaka 1999 na ambao makao yake makuu yako Ghana. Mtandao huu hufanya kazi kwa awamu, na katika kila nchi kazi ya uwandani husimamiwa na taasisi ya nchi hiyo. Kwa muda mrefu taasisi hiyo imekuwa REPOA kwa upande wa Tanzania na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa upande wa Kenya. Wahojiwa ni raia wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, huhojiwa ana kwa ana kwa lugha waliyoichagua wenyewe, na sampuli, yaani kundi la waliochaguliwa kuhojiwa, huwa na watu 1,200 au 2,400. Ripoti fupi hutoka mapema, ilhali faili la majibu ya mhojiwa mmoja mmoja, ambalo ndilo data ghafi, hutolewa bure kwa umma baada ya kipindi cha kusubiri. Asiyejua kutumia programu za takwimu anaweza kutumia chombo cha uchambuzi kilichoko kwenye tovuti ya mtandao huo, akachagua nchi, awamu na swali, kisha akapata jedwali lililogawanywa kwa jinsia, umri au makazi ya mjini na vijijini.

Chanzo cha pili ni Sauti za Wananchi ya shirika la Twaweza, iliyoanza Tanzania Bara mwaka 2013 na baadaye kupelekwa Kenya na Uganda. Utaratibu wake ni tofauti kabisa na ule wa kwanza, kwa sababu hutumia jopo, yaani watu walewale wanaopigiwa simu mara kwa mara baada ya kuandikishwa majumbani mwao. Na ili wasio na simu au umeme wasiachwe nje, washiriki wa Tanzania waligawiwa simu na chaja zinazotumia mwanga wa jua. Tafiti za kimataifa pia zimeigusa kanda hii mara chache: World Values Survey, kwa mfano, ilifanyika Tanzania mwaka 2001, Rwanda mwaka 2007 na 2012, na Kenya mwaka 2021. Kampuni za biashara kama Ipsos, Infotrak na TIFA, ambazo majina yao hutawala vichwa vya habari kila uchaguzi wa Kenya unapokaribia, kwa kawaida huchapisha mawasilisho ya kurasa chache na si data ghafi, jambo linalompunguzia mtumiaji uwezo wa kuhakiki.

Taarifa za utafiti mmoja huja kwa ngazi. Juu kabisa kuna habari ya gazeti, chini yake kuna taarifa kwa vyombo vya habari, kisha ripoti, kisha majedwali kamili, na mwisho faili la data pamoja na dodoso, yaani hati ya maswali. Mtumiaji makini hushuka angalau ngazi moja chini ya pale alipoikuta takwimu, na anayeandika kitabu au tasnifu hana sababu ya kuishia kwenye gazeti. Kushuka huko mara nyingi huchukua nusu saa tu, na kwa kawaida hubainisha kwamba kauli iliyotangazwa ni pana kuliko swali lililoulizwa.

Ndani ya faili

Anayefungua faili la data kwa mara ya kwanza hukuta safu za tarakimu zisizojieleza, na ndiyo maana faili hilo halipaswi kuguswa kabla ya kusoma kitabu cha misimbo, hati inayoonyesha kila tarakimu inasimama badala ya jibu gani. Maswali ya Afrobarometer kuhusu imani ya mwananchi kwa taasisi, kwa mfano, hupewa misimbo kuanzia 0, kwa maana ya kutoamini kabisa, hadi 3, kwa maana ya kuamini sana. Asiyejua huandikiwa 9, aliyekataa kujibu huandikiwa 8, na jibu lililokosekana huandikiwa -1. Mtu akiiamuru programu itafute wastani bila kuziondoa tarakimu hizo, programu itatii, na kila asiyejua atahesabiwa kuwa anaamini mara tatu zaidi ya anayeamini sana. Katika kundi la watu 100, wasiojua 10 peke yao watachangia pointi 0.9 katika wastani wa kipimo ambacho mwisho wake ni 3, na wananchi wasio na uhakika watageuka kuwa wafuasi watiifu wa bunge au mahakama. Kosa hili halionekani kwenye jedwali la mwisho, kwa hiyo hugunduliwa na yule tu anayetazama mgawanyo wa majibu kabla ya kuanza kukokotoa.

Swali hilohilo lina mtego wa pili, ambao uko kwenye ripoti zaidi kuliko kwenye faili. Majibu manne yanapochapishwa kama mawili, anayeamini kwa kiasi huunganishwa na anayeamini sana, na jumla yao hutangazwa kuwa ndiyo sehemu ya wananchi wanaoamini. Kuunganisha huko kunakubalika na mara nyingi kunasaidia, mradi kunatajwa. Lakini taasisi ambayo watu 50 kati ya 100 wanaiamini kwa kiasi na 10 wanaiamini sana si sawa na ile ambayo uwiano wake ni kinyume, ingawa zote mbili zitaandikwa asilimia 60.

Jambo la tatu ni uzani, yaani tarakimu anayopewa kila mhojiwa ili kundi lililohojiwa kupita kiasi au pungufu ya kiasi lirudishwe kwenye uwiano wake halisi katika jamii. Hali ya Zanzibar inaonyesha vizuri kwa nini jambo hili lina uzito. Kwa sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ilikuwa na watu takribani milioni 1.9 kati ya milioni 61.7 wa Jamhuri ya Muungano, yaani asilimia 3 hivi, kwa hiyo sampuli ya watu 2,400 iliyogawanywa kwa uwiano huo ingewafikia Wazanzibari wasiozidi 75. Idadi hiyo ni ndogo mno kusemea Unguja na Pemba, kwa kuwa makosa ya sampuli yake, ambayo sehemu inayofuata inayaeleza, yanazidi pointi 11 juu au chini. Mtafiti anayetaka kuisemea Zanzibar hulazimika kuongeza wahojiwa wa huko kwa makusudi, na akishafanya hivyo analazimika kupunguza uzani wao anapokokotoa jibu la nchi nzima. Anayepakua faili la namna hiyo na kupuuza safu ya uzani huipa Zanzibar sauti kubwa kuliko idadi ya watu wake. Na anayekata kipande cha Zanzibar kutoka kwenye sampuli isiyoongezwa huwa anajenga hoja juu ya watu wachache mno.

Hatimaye, mtumiaji huangalia kigawanyo, yaani asilimia hiyo ni ya nani. Maswali mengi huulizwa kwa waliojibu ndiyo kwenye swali lililotangulia, na asilimia 60 ya waliofika kituo cha polisi kuomba msaada haiwezi kuandikwa kama asilimia 60 ya wananchi.

Makosa ya sampuli na yale yasiyo ya sampuli

Makosa ya sampuli ni tofauti inayotarajiwa kati ya jibu la waliohojiwa na jibu ambalo lingepatikana kama kila mtu angeulizwa. Kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, ambacho maana yake ni kwamba utafiti ukirudiwa mara 100 kwa sampuli mpya, takribani mara 95 jibu la kweli litaangukia ndani ya mipaka iliyotajwa, sampuli ya watu 1,200 huwa na makosa ya pointi 2.8 juu au chini, na ile ya watu 2,400 huwa na pointi 2. Inafaa kuzingatiwa kwamba kuongeza sampuli mara mbili hakupunguzi makosa kwa nusu, na kwamba tarakimu hizo ni za sampuli nasibu sahili, ambayo ni nadra kupatikana uwandani. Katika utaratibu wa Afrobarometer wahojiwa 8 hutoka katika eneo moja la kuhesabia watu, na majirani wanaochota maji kisima kimoja na kusikiliza redio moja hufanana kimawazo kuliko watu 8 waliotawanyika nchi nzima. Hivyo makosa halisi huzidi yale yaliyotajwa kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti.

Waandishi wengi hukosea zaidi katika kulinganisha. Mipaka ya pointi 2 inahusu asilimia ya mgombea mmoja, wakati pengo kati ya wagombea wawili wa utafiti huohuo lina makosa yanayokaribia mara mbili ya hayo. Katika sampuli ya watu 2,400, mgombea mwenye asilimia 47 na mwenye asilimia 41 wanatengana kwa pointi 6 zenye makosa ya pointi 3.7 hivi, na pengo la pointi 3 katika sampuli hiyohiyo haliwezi kuitwa uongozi kwa kiwango hicho cha uhakika.

Asilimia hizo mbili hazikuchaguliwa bila sababu. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022, Ipsos ilitangaza kuwa Raila Odinga alikuwa na asilimia 47 na William Ruto asilimia 41, na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilipotangaza matokeo ya urais, Ruto alipata asilimia 50.49 na Odinga asilimia 48.85. Waliodai kwamba tafiti zilidanganya hawakujumlisha: 47 na 41 ni 88, na pointi 12 zilizobaki zilikuwa za wagombea wengine, za wasioamua na za waliokataa kusema, kundi lenye uwezo wa kubadilisha matokeo yote. Aidha, utafiti huuliza watu wakiwa majumbani, ilhali uchaguzi huhesabu waliofika kituoni, na mwaka huo waliofika walikuwa takribani asilimia 65 ya walioandikishwa. Hii haina maana kwamba utafiti ule ulikuwa sahihi. Pengo lilikuwa kubwa na lilielekea upande usio sahihi. Maana yake ni kwamba mwandishi aliyechapisha 47 kwa 41 bila kutaja zile 12 alikuwa ameficha sehemu ya jibu iliyohitajika kuliko zote.

Kuna makosa mengine ambayo hakuna kanuni ya hesabu inayoyapima, nayo hutokana na swali lenye kuelekeza, na mpangilio wa maswali, na mhojaji, na hofu. Mwishoni mwa dodoso lake Afrobarometer huwauliza wahojiwa wanadhani nani aliyewatuma wahojaji, na katika nchi nyingi sehemu kubwa husema ni serikali, ingawa mwanzoni waliambiwa vinginevyo. Mtu anayeamini kwamba anahojiwa na mtumishi wa serikali anapoulizwa iwapo rais anafanya kazi vizuri, huenda akajibu kwa tahadhari, na mtafiti mwadilifu hulilinganisha jibu la swali hilo la mwisho na majibu ya maswali nyeti kabla ya kusifu au kulaumu. Tafiti chache huweka swali la aina hiyo. Zisizoliweka zinapaswa kusomwa kwa kukumbuka kwamba halikuulizwa.

Mfano mmoja wa kunukuu

Mwezi Julai 2018 Twaweza ilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi yaliyoonyesha kwamba walioridhika na utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 71 mwaka 2017 na asilimia 96 mwaka 2016. Matokeo hayo yalizua mjadala mkali, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ikahoji kibali cha utafiti huo. Kwa mwandishi wa leo anayetaka kuyanukuu, sentensi rahisi ni kwamba Watanzania waliomuunga mkono rais walipungua kwa asilimia 16 katika mwaka mmoja, na sentensi hiyo ina kasoro tatu. Kwanza, utafiti ulihusu Tanzania Bara peke yake, kwa hiyo haukuwasemea Watanzania wote. Pili, kutoka 71 hadi 55 ni kushuka kwa pointi 16 za asilimia, ambako ni sawa na kupungua kwa asilimia 22 na ushee ya kiwango cha awali, na vipimo hivi viwili havibadilishani nafasi. Tatu, kuridhika na utendaji si kumuunga mkono mtu, wala si kuahidi kura.

Sentensi inayofaa ingesomeka hivi: kwa mujibu wa Sauti za Wananchi ya Twaweza, iliyokusanya maoni kwa simu kutoka Tanzania Bara, asilimia 55 ya wahojiwa walisema mwaka 2018 kwamba wanaridhika na utendaji wa rais, ikilinganishwa na asilimia 71 mwaka 2017. Maneno yameongezeka kidogo tu. Mwandishi anayetaka kwenda mbele na kueleza sababu ya kushuka huko anahitaji ushahidi mwingine, kwa kuwa mfululizo wa asilimia tatu huonyesha kwamba kitu kimebadilika bila kusema kilichokibadilisha, na huenda hata kilichobadilika ni jopo au wepesi wa watu kusema. Ndiyo maana kabla ya kulinganisha mwaka na mwaka huangaliwa kama maneno ya swali, njia ya kuuliza na kundi lililoulizwa vilibaki vilevile.

Katika maandishi ya kitaaluma nukuu hubeba zaidi ya hapo. Kwa data ya Afrobarometer hutajwa jina la mtandao, nchi, awamu, mwaka na mahali data inapopatikana, na inafaa kuongeza namba ya swali pamoja na tarehe ya kupakua, kwa sababu mafaili husahihishwa na kutolewa upya. Mwaka unaotajwa ndani ya matini uwe wa kazi ya uwandani badala ya mwaka wa kuchapishwa ripoti. Miezi michache inatosha kuweka uchaguzi, ukame au janga kati ya tarehe hizo mbili. Swali linukuliwe kwa lugha lililoulizwa kila inapowezekana, na dodoso la Kiswahili likiwepo hakuna sababu ya kulitafsiri upya swali kutoka kwenye ripoti ya Kiingereza. Mwandishi aliyekokotoa mwenyewe aseme hivyo, ili kosa lake lisibandikwe kwa waliokusanya data.

Sheria na siri za wahojiwa

Kenya ina Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni za Uchaguzi ya mwaka 2012, inayomtaka anayechapisha matokeo wakati wa uchaguzi ataje, miongoni mwa mambo mengine, aliyegharimia utafiti, aliyeufanya, kipindi ulipofanyika, jamii iliyolengwa, idadi ya waliohojiwa na makosa ya sampuli, na inayozuia kuchapisha katika siku tano za mwisho na siku yenyewe ya kupiga kura. Orodha hiyo inafaa kutumiwa hata mahali ambapo haina nguvu ya kisheria, kwani kipengele cha mgharamiaji peke yake kimeshaeleza mengi kuhusu tafiti ambazo vinginevyo zilionekana za kawaida. Tanzania ina Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2018 yaliwatia wasiwasi watafiti kwa kuharamisha usambazaji wa takwimu za kupotosha au kukanusha takwimu rasmi, kabla ya marekebisho ya mwaka 2019 kulegeza masharti hayo. Anayekusanya maoni mwenyewe nchini humo anapaswa kusoma sheria hiyo kama ilivyo sasa na kuomba vibali mapema. Anayenukuu tu hubaki na wajibu wa kueleza wazi kwamba takwimu aliyoitaja ni ya utafiti wa maoni na si takwimu rasmi.

Data ghafi huondolewa majina, lakini majina si kitu pekee kinachomtambulisha mtu. Faili linaloonyesha wilaya, umri, kabila, kazi na kiwango cha elimu linaweza kumwacha wazi mwanamke mmoja mwenye shahada katika kata ya vijijini, pamoja na jibu lake kuhusu chama tawala. Ndiyo sababu Afrobarometer hutoa data zenye mahali halisi pa mahojiano kwa maombi maalumu tu, na ndiyo sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamhusu pia mtafiti anayehifadhi mafaili kama hayo kwenye kompyuta yake. Kisanduku cha jedwali chenye watu wawili au watatu huunganishwa na cha jirani kabla ya kuchapishwa, na mtafiti hawasambazii wenzake faili kwa barua pepe. Huwapa anwani lilikopakuliwa ili kila mmoja akubali masharti kwa jina lake.

Zinabaki takwimu zinazosambaa kwa WhatsApp kila uchaguzi unapowadia, zikiwa na nembo ya kampuni inayojulikana na chati ya duara yenye rangi za vyama. Nembo hunakiliwa kwa urahisi, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuutafuta utafiti huo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na ya pili ni kuiandikia kampuni kuomba dodoso na idadi ya waliohojiwa. Kampuni ikijibu kwamba haiutambui, au ikiutambua lakini ikakataa kusema waliulizwa nini, mhariri huiondoa asilimia hiyo kwenye habari hata kama gazeti shindani limeshaichapisha.